Kisarawe: Chagua Kwanza, Safiri Baadaye

Ndugu msomaji, yako maswali mawili yanayosumbua nyumba nyingi za Dar es Salaam kila mwisho wa mwezi. La kwanza ni la mshahara, nalo sina jawabu lake. La pili huulizwa Jumamosi jioni, watoto wakiwa wamekwisha kuoga na mama yao anakunja nguo: kesho tunakwenda wapi? Aghalabu jawabu ni lile lile la siku zote. Tunakwenda pwani. Na kesho yake jiji lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 hujikuta limebanana ufukweni, kila familia ikigombea kivuli cha mvinje mmoja, na baba akirudi jioni amechoka kuliko alivyoondoka.

Mapumziko ni haki ya kila mfanyakazi, lakini mapumziko yasiyopangwa ni kazi nyingine isiyo na ujira. Hili wanalifahamu vema wachezaji wa gofu. Mtu anayesafiri kwenda kucheza gofu katika mji mkubwa kama Bangkok, huko Thailand, hakurupuki. Mji ule umezungukwa na viwanja vingi, vya karibu na vya mbali, vya bei nafuu na vya bei ya kutisha. Basi kabla ya kukata tikiti hujiuliza: kiwanja kiko mwendo gani kutoka hoteli, na msongamano wa magari asubuhi ukoje? Mvua kubwa hunyesha miezi gani? Ada ya Jumanne ina nafuu gani kuliko ya Jumamosi? Kijana atakayenibebea fimbo nimtengee kiasi gani? Akishapata majibu, huchagua viwanja viwili au vitatu, hivyo vingine akaviacha bila majuto.

Hapa kwetu gofu huchezwa mahali pachache, vikiwemo viwanja vya Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, na wengi wetu hatujawahi kushika fimbo yake. Hata hivyo busara ya kuuliza kabla ya kwenda si mali ya wenye fimbo peke yao. Leo nakuomba tuitumie kwa safari fupi zaidi, isiyohitaji ndege wala viza: safari ya kwenda Kisarawe.

SAFARI ILIYONIFUNZA

Nisije nikaonekana mjuzi, nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka bara. Nikataka kumwonyesha kwamba mwanawe ni mwenyeji wa jiji hili na viunga vyake. Jumapili moja ya mwezi wa Aprili nikaazima gari la rafiki, nikawapakia mama, mke wangu na watoto watatu waliovaa viatu vyeupe, tukashika barabara ya Nyerere kuelekea vilima vya Pugu.

Tuliondoka saa tano, kwa sababu hakuna aliyeharakisha. Gongo la Mboto tukakuta foleni. Tulipofika juu ilikuwa saa saba na nusu, na masika yalikuwa yakitusubiri. Mvua ile haikuwa ya kupita. Nilitaka kuwapeleka watoto kwenye mapango ya popo, lakini sikuwa na kurunzi, sikuwa nimemtafuta wa kutuongoza, na njia yenyewe imegeuka utelezi mtupu. Tukala biskuti ndani ya gari, vioo vikiwa na ukungu, huku mtoto mdogo akiuliza kama Kisarawe ndiyo hii.

Wakati wa kurudi, ili safari isiwe hasara tupu, nilisimama kando ya barabara nikanunua gunia la mkaa, maana bei yake ilikuwa chini kuliko ya mtaani kwetu. Nililifunga nyuma ya gari kwa kamba. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu mvua ianze, akaligeukia akalitazama, kisha akaniambia kwa upole: “Mwanangu, umetuleta kutazama msitu, nao tumeuona. Sasa unaurudisha nyumbani ndani ya gunia.”

Sikuwa na la kumjibu. Nitalirudia neno hilo la mama kabla sijamaliza, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike makala haya.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Swali la kwanza ni majira. Masika ya pwani yetu huanza Machi yakaishia Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Anayetaka kutembea msituni na achague miezi ya Juni hadi Septemba, wakati njia ni kavu na upepo wa juu ya vilima una ubaridi wa kupendeza. Vilima vyenyewe si virefu. Havizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari. Lakini mtu aliyetoka kwenye joto la Kariakoo hutambua tofauti mara anapoteremka garini. Anayefuata mananasi na maembe, huyo na aje kuanzia mwishoni mwa mwaka, akikubali kwamba huenda akaloa.

Swali la pili ni mwendo. Mji wa Kisarawe uko kilometa 30 na ushei kutoka katikati ya jiji. Si mbali, ila kilometa za Jumapili saa kumi na mbili asubuhi si sawa na kilometa za saa tano. Unapita uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, ndipo barabara huanza kupanda. Asiye na gari hupanda mabasi ya abiria hadi Gongo la Mboto, kisha huunganisha. Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nayo inapita Pugu. Kanuni yangu siku hizi ni moja: jua likichomoza nami niwe nimekwisha kuondoka.

Swali la tatu ni mfuko. Hesabu nauli ya kwenda na ya kurudi, kiingilio cha hifadhi, malipo ya mwongozaji na chakula cha mchana. Hesabu kwa idadi ya vichwa, wala usisahau kuwa watoto hupata kiu kila baada ya nusu saa. Fedha ikitosha kwa sehemu moja, nenda sehemu moja.

Swali la nne, nalo husahauliwa zaidi, ni hili: unakwenda na nani? Bibi mwenye magoti mabovu hapelekwi mapangoni. Kijana wa miaka 15 hafurahishwi na historia ya kanisa akiwa hajatembea vya kutosha. Anayechagua mahali bila kuwatazama anaofuatana nao anajichagulia mwenyewe.

Baada ya maswali hayo, haya ndiyo mahali pa kuchagua.

MSITU ULIOBAKI

Kwanza ni msitu wenyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, imeunganisha misitu miwili iliyokuwa ikihifadhiwa tangu zama za ukoloni. Ni mabaki ya misitu ya mwambao ambayo zamani ilitanda katika pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Somalia hadi Msumbiji, na ambayo leo imebaki vipande vipande. Kipande hiki kina bahati, na pia balaa, ya kuwa karibu kabisa na jiji kubwa kuliko yote nchini.

Ndani yake wako tumbili na nyani, ndege wa namna nyingi, na sange mwenye pua ndefu anayepekua majani makavu kama mtu aliyepoteza sarafu. Usiku hutoka komba, na miongoni mwao yuko komba wa Rondo, mdogo kiasi cha kutosha kiganjani, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Huyo hutamwona mchana. Inatosha kuwaambia watoto kwamba yumo, amelala, na kwamba kelele zao zinamfikia.

Mwulize mwongozaji wako akuonyeshe msandarusi. Utomvu wa mti huo ukikaa ardhini miaka mingi hugeuka sandarusi, kitu kigumu king’aacho kama kioo cha rangi ya asali. Katika karne ya 19 Wazaramo walikuwa wakiuchimba, wakaupeleka pwani, nao ukasafirishwa kupitia Unguja hadi Ulaya na Marekani, ambako ulifanywa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, msitu huu uliwahi kung’arisha sebule za watu wa mbali ambao hawakujua kabisa jina la Uzaramo.

Sehemu hii inawafaa wenye miguu mizuri na familia zenye watoto wa kuanzia miaka saba. Chukua viatu vya kufunika vidole, maji na suruali ndefu. Kwa wasiopenda mwendo mrefu liko bwawa la Minaki, ambako mtu anaweza kukaa kivulini akala chakula chake na kuwatazama ndege bila kupanda mlima wowote.

MAPANGO NA UDONGO MWEUPE

Pili ni mapango ya Pugu. Wengi hudhani ni kazi ya maji au ya mizimu. La hasha. Yalichimbwa na mikono ya watu waliofuata kaolini, udongo mweupe laini ambao hutumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Vilima vya Pugu vina akiba kubwa mno ya udongo huo. Wachimbaji walipoondoka, wakaingia popo, na hadi leo ndio wenye nyumba.

Anayefika jioni huwaona wakitoka, kundi baada ya kundi, mpaka anga la juu ya msitu likawa kama limemwagiwa punje za chai. Hapana shaka ni tamasha la bure kwa mtoto yeyote. Lakini sharti uende na mwongozaji, uwe na kurunzi yenye betri nzima, na wala usiingie mvua ikiwa imenyesha, kwa kuwa udongo ule ukilowa huteleza mithili ya sabuni. Usimpeleke mwenye pumu, maana harufu ya ndani ni kali. Nami nasema haya nikiwa mtu aliyeishia mlangoni mara ya kwanza.

VILIMA VYENYE KUMBUKUMBU

Tatu, wako wasiotaka msitu wala pango, bali hupenda kukanyaga mahali palipokanyagwa na historia. Hao hawatatoka mikono mitupu. Pale Pugu wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifungua kituo mwaka 1888. Januari 1889, wakati watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim walipokuwa wakipigana na Wajerumani, kituo hicho kilishambuliwa na kuharibiwa.

Miaka mingi baadaye pakawa na shule ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Shule ya Sekondari ya Pugu. Hapo ndipo alipofundisha Mwalimu Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh. Alikuwa akifundisha hapo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na mwaka 1955 akaacha kazi hiyo ili autumikie umma moja kwa moja. Barabara unayopanda leo ukilalamikia foleni ndiyo njia ya yule mwalimu kati ya darasa na mikutano ya mjini. Waambie watoto hivyo, uone kama hawatatazama dirishani.

Mbele kidogo iko Minaki. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa Kianglikana kilihamia hapo kutoka Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1920, na leo ni Shule ya Sekondari ya Minaki. Wazee wengi waliokuja kuitumikia nchi yetu walipitia madarasa yake. Kumbuka tu kuwa shule ni mahali pa kazi. Ukitaka kuingia ndani omba ruhusa kwanza.

Mwenye siku nzima na gari imara anaweza kuendelea kusini hadi Maneromango, ambako Walutheri walifungua misheni katika miaka ya 1890. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Kisarawe mjini, ukipita mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi. Hii ni safari ya watu wazima wapendao kutazama nchi kwa utulivu. Usiichanganye na mapango kwa siku moja. Utaviona vyote viwili kwa kupitia dirishani tu.

GUNIA LA MKAA

Sasa nirudi kwenye neno la mama.

Wiki mbili baada ya safari ile ya mvua nilirudi peke yangu. Nikasimama pale pale niliponunua gunia, nikamkuta mama yule yule aliyeniuzia. Nilimwamkia, nikanunua dafu, tukazungumza. Hakuniambia mkaa wake unatoka wapi, nami sikumhoji kama askari. Nilimwuliza tu kama hiyo ndiyo biashara anayoipenda.

“Nani anapenda mkaa, baba?” akasema. “Mimi nina mananasi, nina mihogo, nina korosho. Lakini ninyi wa mjini mkipita hapa mnasimama penye mkaa. Nanasi likikosa mtu siku tatu linaoza. Mkaa hauozi.”

Ndugu msomaji, hapo nikaelewa kwamba msitu wa Pugu na Kazimzumbwi haukatwi na shoka la mtu wa Kisarawe peke yake. Mpini wa shoka hilo uko mjini, jikoni kwangu na pengine jikoni kwako. Nasi hatusalimiki na matokeo yake. Mto Msimbazi, unaokatiza jiji na kufurika Jangwani, chimbuko lake ni vilima hivi hivi. Maji ya mvua yanayoangukia kilima chenye miti huingia ardhini taratibu. Yanayoangukia kilima kitupu huteremka mbio pamoja na udongo. Wakazi wa mabondeni wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kubomoa nyumba. Sisemi kwamba mkaa ndio uliosababisha yote hayo, maana mvua zile zilikuwa kubwa mno na watu wamejenga ndani kabisa ya bonde. Nasema tu kwamba kilima na bonde ni ndugu, na aumizaye mmoja humwumiza wa pili.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Lakini bei ya mtungi wa gesi si mchezo kwa mwenye kima cha chini, nami sitajifanya mtakatifu: nyumbani kwetu maharage yangali yanapikwa kwa mkaa baadhi ya siku. Tumepunguza, hatujaacha. Ila jambo moja tumeliacha kabisa, nalo ni kupanda Kisarawe kufurahia kivuli halafu kushuka na gunia.

SAFARI YA PILI

Agosti iliyofuata mama alikuja tena. Safari hii nilijiuliza maswali yote manne. Tuliondoka alfajiri. Tulichagua mahali pawili tu: asubuhi msitu kwa watoto na mimi, huku mama na mke wangu wakipumzika kivulini karibu na bwawa, mchana chakula cha wali wa nazi Kisarawe mjini. Mapango tuliyaacha kwa siku nyingine, na hakuna aliyenung’unika. Mwongozaji alikuwa kijana wa vilima hivyo hivyo, ajuaye majina ya miti kwa Kizaramo. Tulipomlipa ujira wake alisema fedha ile ni ya daftari za wadogo zake.

Wakati wa kurudi nilisimama penye yule mama. Tulinunua mananasi sita, korosho na fungu la mihogo. Mama yangu aliyachagua mananasi mwenyewe, akiyanusa moja baada ya moja, wakabishana bei kama watu waliojuana miaka mingi. Gunia lake la mkaa lilikuwa bado limesimama kando. Nisingependa kukudanganya kuwa limetoweka. Mananasi sita hayaokoi msitu.

Lakini fikiri kidogo. Kila Jumapili magari mangapi hupanda na kushuka kilima kile? Kama kila moja lingesimama penye nanasi badala ya mkaa, likalipa kiingilio na mwongozaji badala ya kujipenyeza msituni kwa siri, mama yule asingehitaji kufundishwa na mtu yeyote umuhimu wa miti. Angeuona mwenyewe kwenye pindo la khanga anamofunga fedha zake.

Basi Jumamosi hii jioni watoto watakapouliza kesho mnakwenda wapi, usijibu haraka. Tazama mawingu, tazama mfuko, tazama magoti ya bibi, kisha chagua pamoja nao. Ukichagua Kisarawe, chagua pia, kabla hujaondoka nyumbani, utarudi na nini. Nyuma ya gari langu, njia nzima hadi nyumbani, kulinukia nanasi, na mama alisinzia kwenye kiti chake bila kusema neno. Safari hii nilifurahi kunyamaza kwake.